Raba za Gari la Fundi Saa

Watu walimwita Bi Raba, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alibadilisha raba za madirisha na milango ya magari, hasa ya zamani, na aliipenda kazi hiyo kwa kuwa haina porojo: ama maji yameingia, ama hayakuingia. Karakana aliichangia na mdogo wake, mnyoosha bodi. Katika ndugu hao wawili, mdogo mtu ndiye aliyekuwa na mdomo. Dada mtu alikuwa na jicho.

Jicho hilo lilianza kumsumbua siku Fundi Saa alipoleta gari lake.

Fundi Saa alikuwa mzee mwembamba, mwenye kibanda cha kutengeneza saa karibu na soko. Gari lake lilitunzwa kama yai: bluu iliyofifia, taa za mviringo, vyuma vya pembeni vikimetameta. Raba tu ndizo zilizokuwa zimekufa. Bi Raba alipobonyeza ile ya kioo cha mbele, ilivunjika vipande mkononi mwake kama mkate wa juzi.

"Badilisha zote," alisema mzee. "Kioo cha mbele, cha nyuma, milango yote, mpaka buti. Upepo usipite. Sauti isipite."

"Maji yasipite," Bi Raba alimsahihisha, maana wateja wake wote hulalamikia maji.

"Sauti," mzee alirudia. Akamsogelea. "Mtu akiwa humo ndani akapiga kelele, wa nje atamsikia?"

Machale yakamcheza Bi Raba. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo.

"Inategemea na kelele zenyewe," alijibu. "Kwani mna safari?"

"Rangi iache hivyohivyo," alisema mzee, bila kuondoa macho kwenye midomo ya Bi Raba. Hakuwa akimtazama usoni kama watu wanavyotazamana; alimkazia macho mdomoni, kama mtu anayesubiri kitu kitoke humo. "Na mke wangu asijue. Akipita hapa, gari hili hukuliona."

Mzee alipoondoka, mnyoosha bodi aliweka nyundo chini. Yeye alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Fundi Saa, na habari za mtaa zilimfikia kabla hazijapoa.

"Dada, unamjua mkewe? Si yule Bi Kicheko, ambaye zamani akicheka huku, kule watu wanatabasamu? Siku hizi hacheki. Anafoka. Juzi nimemsikia nikiwa barabarani: 'Wewe mwanamume husikii! Nimechoka, husikii!' Na mume kimya, hata neno moja."

"Kimya tu?"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema mnyoosha bodi, akarudi kugonga bati lake.

Bi Raba alianza kazi akiwa na moyo mzito. Alizing'oa raba kuukuu, akakwangua gundi iliyoganda, akasugua kutu iliyojificha chini yake na kuipaka dawa. Raba mpya ya kioo cha mbele aliivalisha kwenye kioo kwanza, akapitisha kamba kwenye mfereji wake kuuzunguka wote, akapaka maji ya sabuni. Kisha mdogo wake akakisukuma kioo kutoka nje, naye akiwa ndani akaivuta kamba polepole, mdomo wa raba ukipanda juu ya ukingo wa bati kama mdomo wa mtoto ukishika titi. Ni kazi inayotaka utulivu. Lakini mikono ikitulia, akili yake ilizurura.

Ilizurura zaidi alipofika milangoni. Ili kubandika raba ya chini ilimbidi alifunue zulia la sakafu, na chini ya zulia akakuta mablanketi. Mtu alikuwa ameyakata kwa vipimo, akayabandika kwa gundi sakafu nzima, mpaka chini ya viti. Hakuna fundi wa magari anayefanya hivyo. Aliyefanya hivyo alikuwa na mkono wa kushika vitu vidogovidogo.

"Mtu anayeizika sakafu ya gari kwa mablanketi anaficha nini?" alimwuliza mdogo wake.

"Au anajiandaa kuficha," alijibu mdogo mtu.

Fundi Saa alipita jioni kuangalia kazi. Bi Raba alikuwa nyuma yake akamwuliza yale mablanketi ni ya nini. Mzee hakumjibu. Hata hakugeuka. Aliendelea kuufungua mlango na kuufunga, akiinamisha kichwa kila mara unapobana, kisha akaenda zake. Kwa Bi Raba, hilo likawa ndilo jibu. Mtu asiye na kitu rohoni angejibu.

Kesho yake asubuhi alivua koti lake la kazi akaenda nyumbani kwa mzee, saa ambazo alijua yuko kibandani. Bi Kicheko alikuwa akikunja nguo kitandani, na mlangoni palikuwa na begi wazi, nusu limejaa.

"Karibu, mwanangu. Usiogope begi. Nakwenda kwa dada yangu."

"Mama, samahani, haya si yangu kusema," alianza Bi Raba, kisha akayasema yote: raba, swali la kelele, mablanketi, na ile amri kwamba yeye asijue.

Bi Kicheko aliketi. "Gari aliniambia liko kwa mtu wa breki." Alilainisha mkunjo wa nguo ambayo haikuwa na mkunjo. "Siku hizi nikimwita haitiki. Nikilia, ananigeuzia mgongo analala. Nikimsemesha mezani, anasema ndiyo, ndiyo, kisha hafanyi. Nilijua kuna mwanamke. Nikajiambia, haya, wanaume wazee nao wana wazimu wao. Lakini kelele zisisikike nje?"

Wanawake hao wawili walitazamana. Shaka ya mmoja ilikuwa imekutana na shaka ya mwenzake, na zikiwa mbili zilifanana sana na ukweli.

"Analichukua lini?"

"Leo mchana."

"Basi nitakuwepo," alisema Bi Kicheko. "Anitazame machoni."

Mchana ule Fundi Saa alitangulia kufika. Aliinama kwenye mlango wa dereva, mgongo akiupa uwanja, akipitisha kidole gumba kwenye raba mpya kuanzia juu hadi chini. Bi Raba alisimama mbali, mikono kifuani. Bi Kicheko akaingia getini, uso ameukaza.

Wakati huohuo mnyoosha bodi alikuwa akirudisha nyuma pikapu ya mteja, gari lenye breki za kubahatisha. Uwanja wa karakana una mteremko kidogo, na pikapu ikaukubali mteremko kuliko ilivyoikubali breki. Mnyoosha bodi akapiga honi. Akapiga tena, mfululizo. Watu wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Fundi Saa hakugeuka. Alikuwa bado ameinama, akiisugua raba kwa kidole.

"Mzee! Toka!" alipiga yowe Bi Raba.

Hakusogea hata unywele. Aliyesogea ni Bi Kicheko. Hakuna aliyejua kwamba mama yule anaweza kukimbia. Alimkamata mumewe kwa shati akamvuta, wote wawili wakaanguka chini, na pikapu ikapita pale alipokuwa ameinama, ikajigonga kwenye pipa la oili chafu na kuzimika.

Mnyoosha bodi aliruka nje. "Mzee, nimepiga honi mpaka imekauka!"

Fundi Saa, akiwa bado chini, alimtazama mdomoni. "Unasemaje?"

Bi Kicheko aliachia shati. Alijizoazoa, akazunguka mpaka nyuma ya mumewe, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba watoto." Mzee akajipangusa vumbi magotini. "Baba watoto," alirudia, juu kidogo. Mzee akatafuta kiatu chake kilichochomoka. Hapo Bi Kicheko akafunika mdomo kwa kiganja, na kwa Bi Raba maneno yale ya barabarani, husikii, husikii, yakabadilika maana papo hapo.

Waliketishwa kwenye benchi, wakapewa maji. Mke akashika kidevu cha mumewe, akamgeuzia uso wake.

"Tangu lini?"

Mzee akagusa sikio lake. "La kushoto limekufa kabisa," alisema. "La kulia linasikia pakiwa kimya. Pakiwa na kelele, nasikia uvumi tu, kama mchanga unamwagwa. Siku hizi saa naziuma kwa meno ndipo najua kama zinatembea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani atampa saa yake fundi asiyeusikia mlio wake?"

"Kwani mimi ni saa?" alifoka Bi Kicheko, safari hii machozi yakimtoka. "Mimi nimekuletea saa unitengenezee? Mimi ni mkeo!"

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akaeleza habari ya gari, akitazama viatu vyake. Safari ya mwisho walipokwenda kwa binti yao, mke alizungumza njia nzima, na upepo uliopenya kwenye raba zile mbovu ukayala maneno yote. "Nilisema ndiyo, ndiyo. Sijui nilikubali nini."

"Ulikubali mama yangu mdogo aje kukaa na sisi."

Mzee alishtuka. "Mama mdogo yupi? Yule?"

"Yule. Nimeshamwandalia chumba."

Mnyoosha bodi alicheka wa kwanza, kwa aibu, akitazama pembeni. Mzee akaendelea kusema kwamba raba na mablanketi vilikuwa kwa ajili hiyo: alitaka mahali pamoja tu, hata kama ni ndani ya gari, ambapo mkewe angezungumza naye akasikia. Na kama ingembidi apaze sauti, basi majirani wasidhani wanagombana.

Bi Raba akaufungua mlango wa mbele. Wakaingia, mke upande mmoja, mume upande mwingine, milango ikabana kwa mshindo mfupi mzito. Akamwashiria mdogo wake aache nyundo. Kupitia kioo walimwona Bi Kicheko akisema kitu, mdomo ukienda taratibu kama zamani. Walimwona mzee akiinua kichwa. Alichokisema mama yule hakikutoka nje hata kidogo, na kwa mara ya kwanza Bi Raba hakutaka kujua.

Kabla hawajaondoka mzee alishusha kioo. "Mke wangu ameniambia ni nani aliyempelekea habari."

"Nilidhani unataka kumdhuru," alisema Bi Raba. Hakuona faida ya kupamba.

Mzee akashika mpini wa kioo. "Siku nyingine uniulize mimi." Kisha akapandisha kioo.

Mnyoosha bodi hakuwahi kuwa na kufuli mdomoni. Kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulijua habari za masikio ya Fundi Saa. Baadhi ya wateja walikwenda kuchukua saa zao. Wengine walibaki, na wapo waliokuja makusudi kumwona akiziuma. Mama mdogo naye akaja na masanduku yake, na hakuna aliyethubutu kumrudisha.

Bi Raba alijizuia siku kadhaa. Halafu akaishusha saa ya ukutani ya nyumbani kwake, akaipeleka kibandani. Fundi Saa aliifungua, akaichungulia, akaikandamiza kwenye taya, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Hii ni nzima. Umekuja kunichunguza tena?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nini?"

Sokoni palikuwa na kelele, mikokoteni na wauzaji. Bi Raba akasogea, akasema kwa nguvu zaidi. Mzee akaweka kiganja sikioni. Basi akavuta pumzi, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo, na soko zima likasikia jinsi Bi Raba alivyomdhania mzee wa watu ubaya, na jinsi anavyomwomba amsamehe.

"Ah," alisema Fundi Saa, akimrudishia saa yake. "Nimesikia."