Mti Uliokatwa Vizuri

Mtihani wa mdomo wa Kiingereza, chuo kikuu cha Mutanga, mwaka wa tisini na nane! Mwanafunzi Sijaona alisimama nje ya mlango, akingoja zamu yake. Akianguka safari hii, chuo basi. Anarudi kwao Cibitoke kumsaidia baba yake, mzee Shakuru, kuuza miti ya kujengea.

Mwenzake Arnaud alitoka, uso umemshuka.

"Profesa kaniuliza neno la Kiingereza cha zamani, *coppice*," alinong'ona. "Nimesema kama kamusi: kijimsitu kinachokatwa kila baada ya miaka kadhaa. Akauliza Mwingereza akilisikia anakumbuka nini. Nikasema woga. Mutu gani hapa, na vita hii, anasikia msitu asiogope? Kanipa tano juu ya ishirini!"

Kila baada ya miaka? Jamani, mti unakatwaje mara ya pili kama ulikufa mara ya kwanza? Sijaona akaona akilini mikaratusi ya baba yake, na furaha ikampanda. Akaingia bila hata kubisha.

"Si woga, profesa! Ni kazi!" Kiingereza kilimtoka mbio, makosa kibao, hajali. "Unakata chini, mshazari, maji yasilale kisiki kikaoza. Kinachipuka! Unaacha machipukizi matatu yaliyonyooka, mengine unaondoa. Miaka saba, una nguzo, una kuni, na kisiki ni kile kile cha babu yako. Mwingereza alikumbuka moto wa jikoni, ua wa kondoo, na wajukuu watakaokuja kukata tena."

Profesa Népomuscène, mtu asiyejua kucheka, akaandika kumi na saba.

"Alhamdulillahi!" Sijaona alipiga kelele, akaziba mdomo. Ameshapita! Alikuwa amefika mlangoni profesa alipomwita, sasa kwa Kiswahili cha mjini.

"Mwanangu. Mikaratusi ya wazazi wangu kule mulimani, wauaji waliikata yote mwaka ile ya tisini na tatu. Siku ile ile waliwaua wazazi. Sijarudi. Mi nilijua imekufa."

"Visiki walichoma?"

"Apana. Walikata tu."

"Basi imeshakupita urefu, profesa. Nenda ukachague machipukizi ya kuacha."

Wanafunzi walingoja nje robo saa nzima, wakimsikia profesa akilia, na hakuna aliyethubutu kubisha.