Somo Lililopikwa

Wanachuo wangu wananiita Pilipili, na wanadhani sijui. Najua. Nawasikia wakinong'onezana mlangoni, "Pilipili huyo anakuja," kisha viti vinaburutwa na kila mtu anakuwa mtakatifu. Sichukii. Ningechukia kama wangeniita Asali, maana kazi yangu haina utamu. Nawafunza walimu watarajiwa wa shule za msingi namna ya kufundisha Kiingereza kwa watoto ambao nyumbani kwao hakuna anayekizungumza, na kazi hii ukiifanya kwa moyo wote, presha inakupanda kabla ya chai ya saa nne.

Kinachoniua ni swali moja. Mwanachuo anasimama mbele ya ubao, anaeleza, anaeleza tena, anaeleza mpaka midomo inamkauka, kisha anageuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyoooo!" Basi roho yake kwatu. Kaelewesha, anafuta ubao. Mwite sasa mtoto mmoja pembeni, mwonyeshe kikombe, muulize kwa Kiingereza hiki ni nini. Atakutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Swali hilo nimelipiga marufuku. Anayelitamka darasani kwangu anasimama mpaka kipindi kiishe, awe binti wa juzi au baba mwenye wajukuu. Nimewasimamisha wengi. Na bado, siku wakipelekwa shuleni kwenye mazoezi ya kufundisha, wanaliuliza. Ndivyo walivyofundishwa na walimu wao, na walimu wao nao vivyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mwaka jana, kati ya wanachuo wangu, nilikuwa na Kimya. Kimya ni binti wa kaka yangu, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ukimsalimia leo anaweza kukujibu kesho. Nilidhani hatafika mbali. Mwalimu gani asiyeongea? Siku ya kwanza alipofundisha mbele ya wenzake, aliingia na kikapu kilichofunikwa kitambaa, akakiweka mezani, akamwita mmoja wao aingize mkono chini ya kitambaa bila kuchungulia. Yule akapapasa. Kimya akamuuliza kwa Kiingereza ameshika nini, kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujikuna. Halafu yule mwenzake akasema neno, mwingine akauliza kama kitu hicho ni kikubwa, mwingine akauliza kama kinaliwa, na kabla kipindi hakijaisha watu wazima wale walikuwa wanagombania kikapu kwa Kiingereza kibovu chenye uhai.

Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza kidogo, maana nilikuwa nimefurahi na sikutaka mtu anione. Huyu ndiye mwanafunzi niliyekuwa nikimsubiri miaka yote. Lakini ningemwambia nani? Wangesema damu nzito kuliko maji.

Chuo chetu hakimruhusu mkufunzi kumpa alama ndugu yake, nami naona ni haki. Kwa hiyo mtihani wa mwisho wa Kimya, yaani somo moja katika shule ya msingi, mbele ya watoto halisi, ulikuwa mikononi mwa mtahini kutoka nje. Akifaulu, anapata cheti na shule ya kufundisha. Akishindwa, anarudia mwaka mzima. Kaka yangu, dereva mstaafu ambaye mgongo ulibaki kwenye malori, aliona mambo kwa njia nyepesi zaidi.

"Dada, mwaka huu nataka mwalimu ndani ya nyumba hii. Majirani nimeshawaambia."

"Majirani wasubiri. Mtihani bado."

"Si upo wewe?"

"Mimi siruhusiwi kumpa hata alama moja, kaka."

"Sasa ukubwa wako huko ni wa nini?"

Nilimwangalia Kimya, aliyekuwa anaosha vyombo na kujifanya hasikii, na nikaona sahani moja imeoshwa mara ya pili.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho kila mwalimu anakijua na hakuna anayekisema hadharani. Somo hupikwa. Mtahini akitangazwa kuja, mwanachuo anakwenda darasani siku kadhaa kabla na kuwafundisha watoto somo lile lile, maswali yale yale, majibu yale yale, mpaka wanayaimba. Siku yenyewe ikifika, mtahini anakaribishwa kwenye chakula kilichoiva jana. Watoto wanang'aa, mikono inainuka kama msitu, mwanachuo anafaulu. Mimi nimewaapia wangu kwamba nikisikia mtu amepika, tutajuana mimi na yeye. Tena nimewafundisha kinga: usifuate mpangilio ulioandika kwenye andalio la somo. Kama uliandika kikombe kwanza, anza na kiatu. Mtoto anayejua atakwambia kiatu. Aliyekariri utamjua hapo hapo.

Kimya alinitii. Hakupika.

Asubuhi ya mtihani, Mwalimu Mkuu wa shule ile alinipokea getini akisugua viganja. Ni mtu mwema, mnene, mwenye rundo la funguo kiunoni linalomtangulia kufika kila mahali.

"Mwalimu, leo usiwe na wasiwasi kabisa. Binti yetu tumemuandalia."

"Mmemuandalia nini?"

"Aa, utaona mwenyewe. Mgeni akija, si lazima nyumba ifagiliwe?"

Nilidhani anazungumzia ufagio. Na kweli darasa lilikuwa limefagiliwa, ubao umeoshwa, na hata dirisha lililovunjika lilikuwa limezibwa kwa kadibodi mpya. Mtahini alikaa nyuma. Alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili, moja ya akiba, na aliandika bila kuinua kichwa hata kabla ya kitu chochote kutokea. Nilikaa kando yake kwenye benchi la watoto, magoti yakinigusa kidevu, nikiwa na ruhusa ya kutazama na kufunga mdomo.

Kimya aliingia na kikapu chake. Akasalimia kwa Kiingereza. Jibu lilitikisa bati. Akamwita msichana mmoja mwenye sare iliyompwaya mabegani, akamwonyesha kwa ishara aingize mkono chini ya kitambaa. Mkono haujafika kwenye kikapu, darasa zima likapaza sauti:

"It is a cup!"

Kikombe. Msichana akaingiza mkono, akautoa. Alikuwa ameshika kiatu.

Kimya alisita kidogo, akakiinua kile kiatu juu ili wote wakione, akauliza tena kwa utaratibu hiki ni nini.

"It is a spoon!"

Kijiko, walisema, tena kwa furaha. Akarudisha kiatu, akatoa kitana. Kitana kikawa sufuria. Na si sufuria tu, wakaongeza na sentensi ya pili ambayo hakuna aliyewauliza, kwamba tunapikia sufuria. Nikageukia mlangoni. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama pale, uso umejaa nuru, midomo yake ikicheza pamoja na ya watoto. Kikombe, kijiko, sufuria.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Andalio la somo huachwa mezani kwake wiki moja kabla ili alisaini, na yeye, kwa wema wake, alikuwa amelichukua na kuwakaririsha watoto kila asubuhi baada ya kutoka mstarini. Kimya alikuwa amekataa kupika, akapikiwa.

"Safi," mtahini alininong'oneza, macho kwenye karatasi. "Wachangamfu hawa."

Hakuwa ameona kiatu. Hakuwa ameona kitana. Alikuwa anasikia kelele, na kelele zilikuwa za kupendeza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto wa kaka yangu alikuwa ameshafaulu. Alichotakiwa kufanya ni kimoja tu: atoe vitu kwa mpangilio aliouandika. Kikombe, kijiko, sufuria, kiatu, kitana, kioo. Watoto wangeimba, mtahini angeandika, kaka yangu angewapita majirani kifua mbele.

Kimya alinitazama. Naye alikuwa ameelewa, niliona. Nilikaa nimeshika magoti yangu, na hadi leo sijui ningempa ishara gani kama ningeruhusiwa.

Alirudisha kitana ndani ya kikapu. Akakifunika. Akavuta kiti cha mtoto, akakaa mbele yao, kikapu mapajani. Watoto waliendelea peke yao mpaka kwenye kioo, kisha wakaishiwa. Kimya akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kuna nini humu ndani?

Hakuna aliyejibu. Swali hilo halikuwa kwenye mazoezi. Watoto walitazamana, wakamtazama Mwalimu Mkuu, naye akatazama viatu vyake. Na mtahini, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akainua kichwa.

Mimi nikamlaani kimoyomoyo. Kiatu kimeitwa kijiko hukuinua kichwa!

Muda ulikwenda. Hatimaye yule msichana wa sare ya kupwaya alirudi mwenyewe, akaingiza mkono, akapapasa, akakunja uso. "Hard," alisema. Kigumu. Akapapasa tena. "Not cup." Ilikuwa sentensi mbovu, na ilikuwa yake, hakuna aliyempa. Kimya akatikisa kichwa kukubali, akangoja. Mwingine akainuka kidogo kwenye dawati akauliza kama ni cha moto, na darasa likacheka, kicheko cha kweli, na mikono michache ikaanza kunyooka, mmoja mmoja, kwa woga. Kengele ikalia.

Hakukuwa na zoezi daftarini. Hakukuwa na hitimisho. Mtahini alifunga kalamu yake ya kwanza.

"Hamudu darasa," aliniambia ofisini. "Ameanza vizuri sana, halafu akaliua darasa kwa mikono yake mwenyewe."

"Uliona alichokuwa ameshika?"

"Nilikuwa naandika."

"Walikiita kiatu kijiko!"

"Watoto hukosea, Mwalimu. Lakini walikuwa wanashiriki."

"Walikaririshwa! Kama kasuku! Yeye ndiye aliyekataa ule uongo, na wewe unamfelisha kwa kukataa!"

Alinitazama kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kofi. "Mwalimu," akasema, "nimeambiwa huyu ni binti wa kaka yako."

Nikafyata mkia. Kila neno baada ya hapo lingekuwa la shangazi.

Nje nilimkuta Mwalimu Mkuu akizungushazungusha funguo zake, karibu kulia. "Kwa nini alibadilisha mpangilio? Tulikuwa tumemaliza kila kitu! Sauti zimenikauka kwa ajili yake!" Nilimfokea mpaka walimu wakachungulia madirishani. Nilimwambia ameua kazi ya mwaka mzima, amewageuza watoto redio, na asije akamsaidia tena mtu yeyote wa kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoka akiguna, "Asante ya punda ni mateke." Na ubaya ni kwamba mtu yule alikuwa na nia njema kabisa. Hata hasira yangu haikupata pa kutua.

Kimya alikuwa chini ya dirisha la darasa, anakung'uta kitambaa cha kikapu.

"Ungefuata mpangilio tu, mwanangu," nilijikuta nikisema. "Mara moja tu."

Alinitazama, akakikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe.

Kaka yangu nilimpigia simu mwenyewe. Akauliza, "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukakaa tu?"

"Nilikaa tu, kaka."

Akakata.

Mwaka mpya ulipoanza, niliingia darasani kwangu na kundi jipya lilikuwa limejaa, sura changa, madaftari mapya, harufu ya wino. Kimya alikuwa kiti cha mbele, katikati ya watu aliowatangulia. Sikumtazama sana. Nilifundisha siku hiyo kama mtu anayefukuzwa. Nikawaambia kila kitu: mtoto ndiye aseme, si wewe, mpe kitu mkononi, usiogope ukimya, usipike somo, na wakikupikia, usile. Nilipiga meza. Chaki ilinivunjikia. Jasho lilinitoka, sauti ikanikauka, na nilipogeuka kutoka ubaoni nikiwa nimechoka hoi, likanitoka lenyewe.

"Mmeelewa?"

"Ndiyoooo!"

Niliganda. Waliitikia vizuri mno, kwa pamoja, wakitabasamu. Walikuwa bado hawaijui sheria yangu, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kusimama mpaka kipindi kiishe. Mmoja tu alijua. Mkono wake ulikuwa juu.

"Mimi sijaelewa, Mwalimu," alisema Kimya. Nyumbani huniita shangazi.

"Wapi hujaelewa?"

"Mwaka jana nilifanya yote haya. Yote, kama ulivyosema." Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitesa. "Mwaka huu mtahini atakuja tena. Nifanyeje?"

Hakuna aliyecheka. Nilifungua mdomo. Wale wengine wote wakafunua kurasa mpya, wakashika kalamu, wakaniangalia, wakisubiri jibu walinakili.