Majirani wa Kayitesi

Mukandayisenga aliingia Uingereza na unga wa mtama ndani ya valizi yake, kwa sababu bintiye Kayitesi alikuwa amezaa, na hakutaka watu watakaokuja kumwona mtoto wakute sufuria tupu. Kwao, kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, mwanamke akijifungua nyumba haikai kimya. Huyu analeta maziwa, yule maharage, asiye na kitu analeta maneno tu, na wote wanakaa mpaka wamempakata mtoto na kumtafutia pua ya babu yake usoni.

Basi akapika uji kwenye sufuria kubwa kuliko zote, akakaa dirishani kungoja.

Barabara ilikuwa safi, imenyooka. Nyumba zilikuwa za matofali mekundu, zote sawa, kila moja na kipande chake cha majani mbele, yamekatwa mafupi ingawa hakuna aliyefuga hata mbuzi. Magari yalikuwepo. Mapazia yalikuwepo. Asubuhi mlango mmoja ulifunguka, mwanamume akatoka, akaingia garini na kuondoka. Baada ya huyo, hakuonekana mtu.

"Kayitesi," akauliza, "bantu ba hapa balikimbia?"

Kayitesi alikuwa akinyonyesha. Akacheka. "Hapana, Mama. Bako ku kazi."

"Na bazee?"

"Bako ndani."

"Banafanya nini ndani?"

"Sijue, Mama. Bako tu."

Jibu hilo halikumwingia. Kwao, barabara ikiwa tupu namna ile mchana, mtu hapiki uji, anafunga mizigo. Alijaribu kujiambia kwamba hapa ni kwingine, lakini kila alipochungulia nje mwili wake ulikuwa tayari kuinuka.

Jioni uji ulikuwa umeganda. Aliunywa yeye na mkwewe Kataliko, mtu wa Butembo aliyekuwa akiendesha gari la kusambaza mikate. Kataliko alikunywa bila kulalamika, kisha akasema kwa upole, "Mama, huku muntu hatembelei muntu bila kualikwa."

"Basi muwaalike."

Kataliko akamtazama mkewe. Kayitesi akatazama mtoto.

"Tutaalika nani?" akasema Kayitesi. "Hatuwajue."

Mukandayisenga alidhani hakusikia vizuri. Binti yake alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka minne. Muda wa miaka minne, Masisi, mtu anajua hata ng'ombe wa jirani anakohoa namna gani. Hakuwajua kwa sababu walimkataa? Au walikuwa wamegombana? Aliuliza, akaambiwa hapana, hakuna ugomvi wowote. Akalala na swali hilo.

Siku iliyofuata, Kataliko akiwa kazini na Kayitesi amepitiwa na usingizi wa mchana, Mukandayisenga alifikia uamuzi. Kama majirani wanaona haya kuja kwa mtoto, mtoto ataenda kwao. Akambeba mgongoni, akamfunga vizuri kwa kitenge, akatoka.

Mlango wa kwanza ulikuwa na kitufe chenye mwanga. Alipokibonyeza, mlango ukasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, karibu kabisa, kwa Kiingereza.

"Bonjour, Mama," akajibu Mukandayisenga akiinama kidogo. "Miye njo mama ya Kayitesi. Nimeleta mutoto mumuone."

Akageuka, akauonyesha mlango mgongo wake. Sauti ikasema maneno mengine, ikanyamaza. Akangoja kwa adabu. Hakuna aliyefungua. Jioni Kataliko angemweleza kwamba mwanamke yule hakuwa ndani, alikuwa kazini katika mji mwingine, akizungumza kwa telefoni yake. "Basi mutoto nilimuonyesha nani?" Mukandayisenga angeuliza.

Mlango wa pili ulifunguliwa na mwanamke halisi, mwenye nywele nyeupe. Alimtazama Mukandayisenga, akatazama kitenge, akatazama miguu iliyovaa sandali za plastiki. Uso wake ukawa wa huruma. Akainua kidole, kama anayesema subiri, akaingia ndani, akarudi na makopo mawili yenye picha ya maharage. Akamtia mikononi, akambana vidole kwa upendo, akafunga mlango. Wala hakumwangalia mtoto hata kidogo.

Mukandayisenga alibaki amesimama na makopo. Mwanamke yule amempa zawadi ya mzazi, au amemdhani mwombaji? Uso wake ulikuwa mwema. Lakini mtu mwema anafungaje mlango kabla hujasema jina lako?

Kwenye mlango wa tatu alibweka mbwa tu. Akaona yatosha, akageuka kurudi nyumbani, na hapo ndipo alipokwama. Nyumba zote zilikuwa nyumba ya Kayitesi. Matofali yaleyale, mlango uleule, pipa lilelile la takataka. Yeye aliyeweza kumtafuta ndama wake kwenye ukungu wa kilima na kumpata, alisimama kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe, bila kujua aelekee upande gani. Akaenda mbele, akapinda kona, akakuta barabara nyingine iliyo sawa na ile. Mtoto akaanza kulia.

Mzee mmoja mrefu alikuwa akikata ua wake wa miti. Jina lake ni Derek, jambo ambalo Mukandayisenga angelijua baadaye. Alisimamisha mashine yake, akamtazama, akatoa telefoni mfukoni, akaisoma, akamtazama tena.

"Kayitesi?" akasema Mukandayisenga. Hilo ndilo neno pekee alilodhani lingesaidia.

Mzee hakulijua. Lakini akamfanyia ishara amfuate, akatangulia. Alipita upande mwingine wa barabara, si kando yake, akisimama kila mara kumngoja. Mukandayisenga hakuelewa kama alikuwa akimwongoza au akimkwepa.

Kayitesi alitokea akikimbia, na gauni la kulalia, bila viatu. Akafungua kitenge pale pale barabarani, akamtoa mtoto mgongoni kwa mama yake, akamkumbatia. Kwa yule mzee aliongea Kiingereza cha haraka, akiomba msamaha tena na tena. Mzee akainua mkono na kurudi kwenye miti yake.

Ndani, Kayitesi akamwonyesha telefoni. Kulikuwa na kikundi cha WhatsApp cha mtaa, cha mambo ya siku za takataka na paka waliopotea, na Kayitesi alikuwamo bila kuwahi kuandika hata neno moja. Sasa kulikuwa na picha. Mukandayisenga alijiona amepindika, paji la uso kubwa, kama ametazamwa na kitu kilichokaa ndani ya ule mlango uliosema.

"Baliandika nini?"

"Banauliza nani anajua huyu mama. Banasema anaonekana amepotea."

"Na wewe?"

"Niliandika kama ni mama yangu. Ya namba kumi na sita." Machozi yakamtoka. "Sasa banajua."

"Si vizuri bajue?"

"Hapana, Mama!"

Hakuwahi kumsikia binti yake akipaza sauti hivyo. Mtoto alishtuka. Kayitesi akakaa, akamnyonyesha mpaka akatulia, ndipo akasema, bila kuinua macho:

"Siku balichoma nyumba yetu, mbele ya kukimbia ku njia ya Walikale, nilikuwa nyuma ya jikoni. Bale bantu hawakujua nyumba yetu, Mama. Balikuwa bageni. Kuko sauti ilibaambia: 'Iko hii, ya bati mupya.' Niliijua ile sauti. Mwenyewe alikuwa amekula kwetu wiki ile."

Mukandayisenga akamsogelea. "Sauti ya nani?"

"Balituchomea juu ya jina na luga. Hapa hakuna muntu anajua jina ya baba yangu. Hakuna anajua nasema luga gani. Njo juu ya hiyo nalala usiku bila woga."

"Kayitesi. Ya nani?"

"Wewe utarudi kule. Utakaa naye ku kilima kimoja. Sitasema."

Na hakusema, siku hiyo wala siku nyingine. Kesho yake mfuko ulikutwa umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango, ndani yake kofia ndogo ya sufu na kadi yenye jina la Derek. Hakuwa amebisha hodi. "Huyu anatupenda ao anatuogopa?" akauliza Mukandayisenga. Kayitesi akamvalisha mtoto kofia. "Miye pia sijue," akasema, na akatabasamu kidogo.

Mukandayisenga alirudi Masisi viza ilipokwisha. Pikipiki iliyomleta ilikuwa haijazimwa, uwanja ukajaa majirani. Alikuja Hélène na watoto wake, akaja Dusabimana, akaja mzee Sebahire aliyesaidia kupandisha bati jingine baada ya moto. Wakaketi, wakataka habari.

"Tuelezee, Mama Kayitesi. Kule banaishi namna gani?"

Aliwaeleza kuhusu majani yasiyoliwa na mnyama, na mlango unaosema. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Na majirani?" akauliza Sebahire. "Bako bazuri?"

Alifungua mdomo kujibu, akajikuta hafikirii swali bali sauti iliyouliza.

"Bananyamaza," akasema mwishowe.

"Lakini bazuri ao babaya?"

"Sijue."

Wakacheka tena, wakidhani anatania. Naye akacheka, akichelewa kidogo, kisha akainuka kwenda kuleta maziwa. Huko jikoni akasimama na jagi mkononi, akisikiliza mazungumzo yao kupitia ukuta wa mbao, sauti baada ya sauti, ya Hélène, ya Dusabimana, ya Sebahire, sauti alizozijua miaka yote.

"Mama Kayitesi!" mtu akaita. "Umelala huko?"

"Nakuja," akasema, akawapelekea maziwa.