Uji Ulioujua Mkono wa Kulia

Katika Thika nzima, kuanzia maporomoko ya Chania mpaka kule viwandani, hajazaliwa mtu wa kunifanya nifute neno nililokwisha kuandika. Hayo niliyasema kila asubuhi mwaka ule wa 1956, miguu ikiwa juu ya meza, katika chumba cha gazeti letu la kila wiki. Nilikuwa na cheti cha sekondari, kalamu ya wino na tai moja. Mhariri, Mzee Githinji, alikuwa na subira.

Ndipo akaingia Ndinda, msichana wa miaka kumi na tisa hivi. Alikuwa ametembea kutoka Ruiru, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Huyu ndiye karani wa habari?" akamwuliza Mhariri, macho kwenye viatu vyangu. "Anaandikia vidole vya miguu?"

Nikashusha miguu.

Alikuwa akifua nguo katika Makao ya Upole, nyumba ya yatima ya kanisa kule Ruiru. Mdogo wake, Mbithe, wa miaka minane, alilala humo humo. Mtoto akikojoa kitandani, alisema, Msimamizi, Bwana Ndung'u, humtia mkono katika pipa la maji ya kufulia, yakiwa bado yanachemka. Zamu ya Mbithe ilipofika, Ndinda alimsukuma mdogo wake nyuma. Ukatiwa mkono wake yeye.

"Halmashauri ya nyumba ile wameandika kwamba nilijimwagia uji," alisema. "Wakanifukuza kazi. Nimekwenda langoni mara tatu kumtaka Mbithe, wananicheka. Lakini kuna shangazi na wajomba kule Gatuanyaga wenye watoto mle ndani. Wakijua, watakuja wengi, na lango litafunguka. Taja jina la nyumba, na jina la Ndung'u."

"Nitayataja," nikasema. "Kwa herufi nene."

Nikaandika maelezo yake, nikamsomea, nikamletea kibao cha wino. Akaweka kidole gumba cha kushoto. "Usione haya, dada," nikamtania, "gumba haliendi shule." Hakucheka.

Tulihangaika wiki mbili, Mzee Githinji na mimi. Mwishowe mtu mmoja anayefunga vidonda katika zahanati ya Ruiru alituingiza kwa mlango wa nyuma, akatufungulia daftari lake. Mwaka mmoja, watoto kumi na mmoja wa Makao ya Upole wameunguzwa na uji. Wote mkono wa kulia.

"Ni uji gani huu," nikapiga kelele, "unaojua kulia na kushoto?"

Mwenyekiti wa halmashauri alitukaribisha chai na biskuti, kisha akatuonyesha mashuka. Mashuka! Meupe, yamepigwa pasi, yamepangwa mstari. Wanachemsha watoto wa watu, halafu wanakufunulia shuka safi na kungoja useme ahsante! Zahanati ilijua. Wazee wa kanisa walijua. Afisa aliyetia sahihi ripoti yao alijua. Kila mmoja alishika kalamu kwa zamu yake akaandika uji. Nilirudi Thika, nikaandika habari yote bila kuinuka kitini.

Siku ya kupiga chapa, Mzee Githinji alikuwa kitandani na malaria, akaniachia ukurasa wa kwanza. Saa nne hivi akaingia Bwana Ndung'u mwenyewe, kofia mkononi, anatabasamu kama mtu aliyekuja kuposa.

"Kijana Waweru. Mhuri wa pasbuku yako unaisha Ijumaa, sivyo? Anayepiga mihuri ni rafiki yangu. Tunasali benchi moja."

Basi. Siku zile za Hali ya Hatari, Mkikuyu asiye na mhuri katika kitabu kile cha kibali alipandishwa lori la kizuizini, na mama yake akabaki kuulizia. Alipotoka, nilimwambia Kaleli, mpanga herufi wetu, aondoe mistari miwili yenye majina, aweke mwingine mahali pake. Kaleli alizing'oa zile herufi za risasi moja moja, akizitupa sandukuni kwa kishindo.

Jumamosi Ndinda akaja. Nilikuwa nimejiandaa.

"Kaa, dada, nikusomee."

Nikanyoosha tai, nikasoma kwa sauti ya mimbarini. Nilipofika penye pengo, nikayatia majina kwa mdomo: "Makao ya Upole, Ruiru, chini ya Bwana Ndung'u..." Kaleli akasita kupanga herufi.

Ndinda akanyoosha mkono wa kushoto. "Lete."

"Haya maandishi ni madogo mno, dada..."

"Lete, karani."

Akalitandika gazeti mezani, akafuata mstari kwa kidole, polepole. "Nyumba... moja... ya watoto... katika wilaya hii." Akarudi juu. Akashuka hadi chini. Akageuza upande wa pili, akatafuta na huko.

"Kumbe unajua kusoma?" nikasema.

"Kanisani kwetu hubatizwi kabla hujasoma Injili mbele ya wazee. Mimi nilisoma Marko yote." Akainua bendeji. "Niliweka gumba kwa sababu mkono wa kuandikia ndio huu. Hukuniuliza."

Nikashika kalamu, nikaiweka chini tena. Mimi, wa maneno yote yale.

"Wilaya hii ina nyumba ngapi za watoto? Shangazi wa Gatuanyaga atakwenda kugonga lango lipi? Na Mbithe bado analala kule." Akalisukuma gazeti mpaka likagusa tai yangu. "Nisomee tena pale penye jina la Ndung'u, karani. Na safari hii weka kidole."