Sala ya Mia Moja

Salio halitoshi. Niliyasoma maneno hayo mawili kwenye simu yangu mara tatu, nikiyafuata kwa kidole kama nilivyofundishwa mwaka juzi katika darasa hilihili la jioni. Hayakubadilika.

"Mwalimu, mimi nimeweka elfu thelathini za ada ya mtihani. Nimeziweka kwa mkono wangu mwenyewe."

"Mama Pasi, orodha ya mtihani naifunga saa moja," alisema mwalimu wetu, binti wa umri wa kitinda mimba wangu. "Ikipita hapo, ni mwakani."

Mwakani! Nina miaka hamsini na minne. Kwa miaka ishirini nimefua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na kila mwisho wa mwezi nikasaini mshahara kwa kidole gumba. Mwaka huu nilimwomba Mungu jambo moja tu: niketi kwenye chumba cha mtihani na kuandika jina langu juu ya karatasi.

Kinyozi tunakaa naye dawati moja. Madawati ni ya watoto, kwa hiyo magoti yake hugonga ubao kila akigeuka. Aligeuka, yakagonga.

"Lete hiyo simu, dada. Tumwone mwizi ana sura gani."

Alifungua orodha ya makato, akaacha kutania. Mia. Mia. Mia. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, siku sitini.

"Elfu sita," alisema polepole. "Sala za Alfajiri. Hii ni nini?"

Masikio yaliniwaka moto. Sala za Alfajiri ndio ujumbe uliokuwa unaniamsha kila siku. Siku moja ujumbe ulikuja ukaniuliza kama nataka kuombewa. Nani anakataa kuombewa? Nikabonyeza ndiyo. Nilidhani ni mtu. Miezi miwili nimepiga magoti nikimwombea na yeye, huyo mtu, aamke salama.

"Si mtu, dada. Ni mtambo, na unakula kuliko mtu."

Aliniambia niandike ACHA, nitume. Mkono ulisita. Kuiambia sala iache! Nikatuma. Jibu likarudi papo hapo: *Umejitoa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.*

Wakati huo Kinyozi alikuwa anabonyeza simu yake. Alinitumia elfu sita, pato lake la siku mbili. "Utanifulia taulo za kibanda mpaka ziombe msamaha," alisema. Nilishindwa hata kumshukuru vizuri. Nikaingia kulipa.

Salio halitoshi.

Mwalimu alisogea, akatazama. Elfu ishirini na tisa na mia tisa.

"Umefanya nini?" Kinyozi aliuliza.

"Sijafanya kitu!"

"Dada."

"Nimejibu tu."

"Umejibu nini?"

"Nimeandika, amina, nawe pia."

Kinyozi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwalimu akateremsha ujumbe mpaka chini kabisa, kwenye vijiherufi ambavyo sikuwa nimevifikia, akanisomea: *Ukijibu ujumbe huu, umejiunga tena.* Mimi nimelelewa kwamba sala ya mtu haiachwi hewani bila kujibiwa. Na wao walijua. Waliotunga maneno yale walijua watu wa namna yangu wapo.

Mwalimu alinitumia mia kutoka simu yake. Nikaandika ACHA mara ya pili.

"Sasa kalia mikono," Kinyozi alisema.

Ujumbe ukaja. *Umejitoa. Amani iwe nawe siku zote.* Vidole viliniwasha. Nilimwona marehemu mama akinikazia macho. Nikaufunga ujumbe bila kugusa herufi hata moja, nikaingia kulipa, nikaweka namba yangu ya siri.

Elfu thelathini zilikwenda saa moja kasoro dakika nne.

Mwalimu alinisogezea orodha na kalamu. Kabla ya kuandika jina langu niliinamisha kichwa.

"Amina," nikasema, kwa mdomo.

Kinyozi aliruka kuitazama simu. Haikuwa imekata kitu.