Namba Iliyosomwa kwa Sauti

Fundi wa sare hakuwa na kawaida ya kuweka simu sikioni akiwa kazini. Mikono ilikuwa na kitambaa, miguu ilikuwa kwenye cherehani, kwa hiyo simu ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na kila aliyepiga alisikika chumba kizima. Wateja walishazoea. Aliyeanza kunong'ona aliambiwa mapema: "Sema ukijua uko hadharani."

Ujumbe nao ulikuwa na msomaji wake. Mama mkwe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alihamia kwa mwanawe mkubwa, mume wa fundi, tangu goti lianze kumsumbua, na hakutaka kukaa bure kama mgeni. Alishona vifungo, alichomoa nyuzi zilizobaki, na kila ujumbe ulipoingia alivaa miwani na kuusoma kwa ile sauti iliyokuwa ikifika mpaka dawati la nyuma. Namba alizisoma mara mbili, polepole, kama anatoa imla.

"Mama, wewe ungefaa kusoma habari redioni," fundi alimwambia siku moja.

"Redioni hawarudii. Mimi narudia."

Jumanne asubuhi, fundi akiwa katikati ya sare kumi na saba za wauguzi wa zahanati, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya bwana mstaarabu. Alimtaja fundi kwa majina yake yote matatu, akataja na tarakimu nne za mwisho za kadi yake ya benki, akasema anapiga kutoka kitengo cha usalama.

"Dada, kuna mtu anajaribu kununua kitu kwa kadi yako sasa hivi tunavyoongea. Ni wewe?"

"Mimi? Mimi niko kwenye pindo la suruali!"

"Basi tumzuie. Nakutumia namba ya kumfungia. Ikifika nisomee haraka, maana dakika moja ikipita hela imeondoka."

Ujumbe ukalia. Sindano ilikuwa inakimbia na fundi hakutaka kuisimamisha. "Mama, hebu tusomee."

Mama mkwe akavaa miwani. Namba ndiyo iliyokuwa juu, kwa hiyo alianza na namba. Akaitaja tarakimu moja moja, kwa kituo. "Narudia," akasema, akarudia. Yule bwana akashukuru sana, akamwita mama, akakata.

Lakini bibi hakuwa mtu wa kuacha kitu njiani. Akashuka mstari wa pili, kwa sauti ile ile: "Usimpe mtu yeyote namba hii, hata akisema ni mfanyakazi wa benki."

Cherehani ikanyamaza.

Ujumbe uliofuata hakuusoma kwa sauti. Aliinuka na goti lake, akampelekea fundi simu. Hela ya kitambaa, ile waliyotanguliza wauguzi, ilikuwa imekwenda karibu yote.

"Miaka thelathini na moja," mama mkwe alisema taratibu. "Miaka thelathini na moja nimewaimbia watoto wa watu wimbo mmoja: soma mpaka mwisho ndipo ujibu."

Fundi alikuwa ameshabeba mkoba. "Tutaongea, Mama. Nakimbilia benki."

Dada wa benki alifunga kadi kwanza, maswali baadaye, na fundi akampenda kwa hilo. Kisha akamwambia ukweli bila kuupaka sukari: madai yatachunguzwa, huenda wiki sita, na kwa kuwa namba imetoka kwenye simu yake mwenyewe, asiitegemee hela hiyo kurudi.

"Lakini namba peke yake isingewafaa kitu," dada akaendelea. "Huyu alikuwa na kadi yako yote kabla hajapiga, mpaka zile tarakimu tatu za nyuma. Mara ya mwisho ulinunua wapi mtandaoni?"

Fundi akaonyesha. Jumapili alikutana na tangazo la duka la zipu na vifungo. Kila kitu nusu bei, ofa inaisha baada ya saa mbili, na juu ya ukurasa kulikuwa na kisaa kinachohesabu kurudi nyuma. Aliagiza amesimama, sufuria ikiwa jikoni.

Dada wa benki akapitisha kidole juu ya kioo. "Hakuna namba ya simu. Hakuna mahali duka lilipo. Na hiki kisaa, tazama. Leo Jumanne bado zimebaki saa mbili zile zile." Akamrudishia simu. "Kazi kubwa ilifanyika hapa, dada yangu. Ile simu ya leo ilikuwa ya kumalizia tu."

Fundi alijulikana kwa kutopepesa maneno. Ni yeye aliyemwambia wifi yake, alipotapeliwa simu ya bei poa, kwamba hakuibiwa ila aliitupa hela kwa mikono yake. Basi njia nzima ya kurudi alipanga la kusema: si wewe Mama, ni mimi, Jumapili, duka, kisaa. Alipofungua mlango akamkuta mama mkwe amehamisha kiti chake, amekaa mbali na meza ya pasi.

"Wamesemaje?"

"Wanachunguza."

"Wanasema ni ile namba?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema alichopanga.

"Namba nayo imo," fundi alisema, akaenda jikoni kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Lawama ilikuwa imeshapata pa kukaa, naye akaiacha ikae.

Tangu hapo ujumbe ukiingia, bibi aliisukuma simu kwa kidole kimoja, kama kitu chenye moto, bila kutazama kioo. Mezani alikula macho kwenye sahani. Alhamisi mchana fundi akamsikia chumbani akiongea na mwanawe mdogo. "Njoo Jumamosi na gari lako unichukue. Goti halijambo. Hapana, hakuna aliyenikosea. Nimekuwa hasara kwa watu, basi."

Fundi alisimama koridoni na futi shingoni. Alitegemea kuumia. Badala yake kifua kilipata nafuu, kama mtu aliyefungua kifungo kinachobana: mama akiondoka, hakuna atakayeuliza tena. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtisha. Alijitazama akaona mtu wa kumwacha mzee abebe mzigo usio wake mpaka garini, kisha ampungie mkono.

Ijumaa, mchana kweupe, akaingia chumbani. Begi lilikuwa wazi kitandani, mama mkwe anakunja gauni.

"Mama, liweke hilo gauni. Kadi niliitoa mimi. Jumapili nilinunua zipu kwenye duka la uongo, kwa tamaa ya bei na kwa kukimbizwa na kisaa cha ofa. Walikuwa na kila kitu kabla hujavaa miwani. Na hiyo namba, nani alikwambia usome? Mimi. Benki walinieleza siku ile ile."

"Siku ile ile," mama mkwe akasema. "Jumanne."

"Jumanne."

"Siku nne nimekula chakula chako najiona mwizi. Na wewe unanipakulia."

Mama mkwe akaliweka gauni kitandani.

"Wewe, mwanangu! Wewe unayewaambia watu ukweli mpaka wanakukimbia."

"Huo ni wa wenzangu, Mama. Wangu ulinishinda."

Bibi akaketi, akasugua goti. "Na sasa utanunuaje vitu vyako?"

"Nimefungua akaunti ndogo pembeni, ina kadi yake. Naweka hela ya kitu cha siku hiyo tu, nikimaliza naifunga hapa hapa kwenye simu. Mtu akinipigia kwamba yeye ni benki, nakata, napiga mwenyewe ile namba iliyoandikwa nyuma ya kadi."

"Na kisaa kikianza kuhesabu?"

"Nakiacha kihesabu."

"Ya benki umeyapanga vizuri. Haya yangu je?" Akamwelekezea kidole. "Mpigie shemeji yako. Hapa hapa mbele yangu."

Fundi akapiga. "Shemeji, ni kuhusu kesho. Mama hakupoteza hela ya mtu. Niliipoteza mimi, nikamwachia yeye aibu."

Shemeji akauliza: "Mama yupo? Nipe niongee naye."

Mama mkwe akapokea simu. "Kesho njoo utusalimie."

"Nikuchukue au nisikuchukue?" sauti ya mwanawe ikasikika.

Bibi alimtazama mkwewe. "Sijaamua. Nina hasira. Lakini nikiondoka kesho nitaondoka na hasira yangu, si na aibu ya mtu mwingine." Akakata simu, akairudisha.

Fundi alitamani kumwambia abaki. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, akayameza; hayo hakuwa na haki ya kuyaharakisha. Akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa. Mama mkwe hakumfukuza. Alilichukua lile gauni, akaliangalia, hakuliweka begini wala hakulirudisha kabatini.

"Kwanza uniambie," akasema, "hizo zipu ulizonunua, zilikuwa angalau za rangi inayofaa?"