Damu ya Mtu Aliyesimama

Kila asubuhi kazi ya Kadzo ilikuwa ileile: kutandika shuka kwenye vitanda vinne, kuwalaza watu, kisha kuketi kwenye stuli karibu na dirisha akiwaangalia wasiinuke. Nusu saa nzima walitakiwa kulala chali na kutulia, ndipo Janet wa maabara aje na sindano. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Wote walikuwa wanaume wenye afya zao, walioletwa kwenye kituo cha utafiti Kilifi kutoka Ganze ili ijulikane mtu mzima ana damu kiasi gani mwilini, na kwa nini huyu ana nyingi kuliko yule.

"Kadzo," aliita Kalume kutoka kitanda cha mlangoni, "mkishajua nina lita ngapi, mke wangu asiambiwe. Ataipangia matumizi."

"Anajua tayari," alidakia Randu. "Si ndiye anayeinyonya?"

"Laleni, shemeji zangu. Mkicheka tutaanza upya."

Yeye mwenyewe alikuwa akiuma mdomo asicheke, mara kikohozi kikasikika mlangoni.

"Hodi, wenyewe!"

Alikuwa Mzee Gona, mzee wa kijiji chao kule Ganze. Kalume alitupa shuka akasimama, na wenzake watatu wakafuata. Hakuna aliyewaambia. Mkono wa mzee haupokewi mtu akiwa amelala chali kama maiti. Mzee naye hakuwa wa salamu za haraka. Alimshika kila mmoja mkono, akauliza habari za boma, za mbuzi, za bwawa kama bado lina maji, za mtoto aliyekuwa akikohoa. Kadzo alisimama pia, macho chini. Mzee Gona alikuwa baba wa Chengo, mumewe, na tangu aolewe hakuwahi kumkatiza neno.

Alipoondoka, wanaume walirudi vitandani. Hawajatulia vizuri, Janet akaingia na trei yake. Aliona watu wanne wamelala kimya, akaanza kazi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuelewa. Janet alimchoma mtu dawa yenye rangi, kiasi kilichopimwa, akaiacha izunguke, kisha akatoa damu kidogo. Ni kama kumimina kikombe cha sharubati kwenye mtungi usioujua kina chake: ukichota baadaye ukaona rangi imefifia kiasi gani, unajua mtungi una maji mengi au machache.

Mchana Daktari Zeina, mkuu wa utafiti, aliwaita Kadzo na Janet ofisini. Alikuwa mama wa Malindi, mwenye sauti ya upole ambayo haikupanda hata akikasirika, na hilo ndilo lililowatisha watu.

"Kwamba Kalume ana damu nyingi kuliko Randu sishangai," alisema. "Kalume ni mrefu, ana misuli, anatembea mwendo mrefu kufuata maji, na mwili wenye kazi nyingi hujiongezea damu. Mwanamke huwa na kidogo kuliko mwanamume, naye akishika mimba huongezeka. Yote hayo ndiyo tunayotafuta. Lakini Kalume wa Jumatatu na Kalume wa leo ni mtu mmoja. Vipi leo amepungukiwa na kikombe kizima cha chai? Tena si yeye peke yake, ni wote wanne. Janet, mwanangu, dawa unaipima au unaikisia?"

"Naipima, Daktari. Wallahi naipima."

"Basi labda wanainuka. Kadzo, walilala?"

Chuoni Kadzo alikuwa amefundishwa hilo, tena daktari mwenyewe alikuwa amewakumbusha siku ya kwanza: mtu akisimama, sehemu ya maji ya damu hupenya nje ya mishipa ya miguu, na hairudi mpaka alale tena kwa muda. Jumatatu Mzee Gona hakuja. Leo alikuja. Jibu lilikuwa pale mdomoni. Lakini kulitoa ilikuwa ni kumshtaki baba mkwe wake mbele ya mtu wa nje.

"Walilala, Daktari," akajibu.

Haukuwa uongo. Walilala.

"Kesho tunarudia mara ya mwisho," alisema Daktari Zeina. "Hesabu zikija hivi tena, Janet, nitaomba niletewe mtu mwingine."

Nje, Janet alijaribu kufanya mzaha. "Nikifukuzwa nitarudi mtaani kwetu Kisumu Ndogo nikakaange viazi. Angalau kiazi hakipungui mtu akikitazama." Kisha akageukia ukuta, mabega yakitetemeka. Kadzo aliunyoosha mkono amguse, akaurudisha.

Jioni, wakila, alimweleza Chengo. Chengo aliweka tonge chini.

"Umwambie baba asiwasalimu watu wake? Kadzo, unakumbuka watu walivyosema nyinyi ni mumiani, mnauza damu za watu? Ni nani aliyetoa mkono wake uchomwe kwanza, watu wakitazama? Baba amewaahidi wanawake wa kule Ganze kwamba kila ajapo mjini atawaona waume zao kwa macho yake. Ukimzuia mlangoni, atakuwa na la kuwaambia?"

Yote yalikuwa kweli, na Kadzo alijua. Aliosha vyombo taratibu, akivirudia vilivyokwisha takata.

Asubuhi aliweka kiti barazani, chai ya maziwa na mahamri juu ya meza ndogo. Akawalaza watu, akatoka kungoja. Mzee Gona alikuja na fimbo yake, kofia imenyooka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkaza mwanangu. Wamekuchosha wale?"

"La, Baba. Karibu chai kwanza, itapoa."

"Nitakunywa nikishawaona."

"Wamelala, Baba."

"Aliyelala ndiye wa kutazamwa." Akacheka, akampita.

Kadzo alimfuata. Kwenye ukumbi Janet alikuwa akivuta dawa kwenye bomba la sindano. Aliinua bomba usawa wa macho, akalitazama, akalitazama tena, kama mtu asiyeamini tena macho yake. Na ndani ya chumba kitanda kililia: Kalume ameisikia sauti ya mzee.

Mkono wa mzee ulikuwa tayari kwenye kitasa. Kadzo alipenya kati yake na mlango, akaupa mlango mgongo. Hakuwa amewahi kusimama karibu naye namna ile, wala kumtazama usoni.

"Kalume, usiinuke!" aliita kwa nguvu. Fimbo ya mzee ilisita hewani. Janet aliteremsha sindano.

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Gona. "Watu wangu wamefanywa nini humo?"

"Hawajafanywa kitu, Baba. Nisamehe." Hakubanduka mlangoni. "Usiingie mpaka wachomwe. Ukiingia wanakusimamia, na wakisimama damu inapungua kwenye kipimo. Nimelijua hilo tangu jana nikanyamaza, kwa sababu ni wewe, na Janet anafukuzwa kazi kwa kosa ambalo si lake."